Godoro la Satini

Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Fundi cherehani alikaa dirishani akipinda sketi ya mteja, mguu kwenye pedali, na binti yake waliyemwita Panzi alikuwa akibingiria juu ya zulia kama alivyofundishwa: kidevu kifuani, mgongo mviringo, kisha anasimama na kunyoosha mikono. Akikosea, anacheka na kurudia. Mama mtu alikuwa akimtupia jicho kila baada ya mshono, na moyo wake ulitulia.

Kisha baba mtu akaingia, simu mkononi.

Alikuwa kinyozi, mcheshi, mwenye maneno matamu, na alipenda sifa kuliko chakula. Kwenye kundi la ukoo la simu, wajomba na mashangazi walizisubiri video za Panzi kwa hamu.

"Bado mnabingiria tu?" aliuliza. "Mama Panzi, mtoto kaanza mazoezi ya viungo tangu shule zifunguliwe, mpaka leo anafundishwa kuanguka! Kwani kuanguka kunafundishwa?"

"Kocha kasema mgeni wa michezo hii huanza na kuanguka," mkewe akajibu. "Na hiyo samasoti ya nyuma unayoitaka, ya kujipindua hewani, haipigwi nyumbani. Inapigwa ukumbini, kwenye magodoro yao, kocha akiwa amemshika kiuno."

"Kocha huyo anatuchelewesha. Godoro hata sisi tunalo."

Mnamsikia, jamani? Godoro la kulalia! Mama alibisha mpaka koo likamkauka. Aliongea mezani, akaongea chumbani, ikawa ni kumpigia mbuzi gitaa. Akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba mtoto bado mchanga kwenye michezo hiyo, na shangazi mtu akamjibu, "Wifi, acha woga, mtoto wa nyoka ni nyoka." Nyoka gani, na baba mwenyewe hawezi kuinama kufunga viatu bila kuguna?

Mwishowe mama akachoka. Mume alipomwomba ashone foronya kubwa ya godoro, "lipendeze kwenye video," alitoa satini ya buluu iliyobaki kwenye gauni la mteja, akaishona kwa hasira, ili tu masikio yake yapumzike. Fundi mzima, anayejua kwamba satini huteleza hata mezani mpaka uibane kwa pini, hakujiuliza itafanya nini juu ya sakafu ya vigae.

Siku ya siku ilikuwa siku ya mazoezi, lakini baba alimzuia Panzi asiende ukumbini, asije akachoka kabla ya video. Godoro likatandikwa sebuleni, linang'aa. Panzi akasimama juu yake, akauma mdomo.

"Baba, kocha hunishika hapa," alisema, akigusa kiuno.

"Nitakushikaje na nimeshika simu? Ruka, mwanangu, shangazi anasubiri."

"Mwache! Huoni mtoto anaogopa?" mama akapaza sauti kutoka kwenye cherehani.

"Moja, mbili..."

Panzi akajirusha kinyumenyume. Godoro likateleza chini ya miguu yake, mruko ukaishia njiani. Akatanguliza mkono, na mwili wote ukauangukia. Mama alisikia mlio pale alipokaa, akajua kwamba si uzi uliokatika.

Hospitalini, mkono ukiwa umefungwa plasta, mtoto alimgeukia baba yake. "Baba, video ilitoka vizuri?"

Kinyozi alitoka hadi kwenye korido akalia, na mkewe hakumfuata. Alikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na mikono yake mwenyewe iliyoshona ile foronya.

Mfupa uliunga, lakini kiwiko kiligoma kunyooka. Panzi aliyekuwa akimaliza kubingiria kwa kunyoosha mikono yote miwili, sasa akiinua mikono, mmoja unanyooka na wa pili unabaki umepinda. Walipomrudisha kwa kocha walijiandaa kukaripiwa. Kocha alikishika kile kiwiko.

"Siku ile aliyokosa kuja," alisema taratibu, "niliwafundisha wenzake kuanguka kinyumenyume bila kutanguliza mkono."

FUNZO

Ndugu zangu wenye watoto, mazoezi ya viungo si adui. Mpelekeni mtoto, lakini mwacheni aanze na mambo madogo yasiyopigiwa makofi: kupasha mwili moto, kubingiria, kuanguka. Mruko mpya aujaribu mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na mwalimu mwenye mikono mitupu ya kumdaka. Mtoto akisema anaogopa, mwamini. Na wewe unayeliona kosa, usichoke kukataa, maana kuchoka kwako ndiko kunakotandika godoro.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba ile mtoto alisikia kila neno. Wakubwa ndio waliokaidi, na aliyevunjika ni yeye.