Udongo Nyeusi ya Kwa Mbaluka

Ile duka ya kuprint ilikuwa chini ya ngazi, hatua chache kutoka Archives, katikati ya Nairobi. Siku hizi wanauza makava ya simu hapo, na hakuna mtu atakuambia kulikuwa na mashine pana kama kitanda, ikitoa ramani pole pole huku laini ya watu ikinung'unika. Lakini hapo ndio ilianzia, Ijumaa moja saa saba mchana, mvua ya Novemba ikinyesha na tao yote imejificha ndani ya maduka.

Haron alikuwa mbele ya laini, shati ya bluu, mikono imekunjwa, kadi ya kazi shingoni. Alifanya kazi Loresho, kwa nyumba ya zamani yenye iligeuzwa ofisi, na walikuwa wanachora ramani ya udongo ya mashariki yote kwa kompyuta. Wanachukua karatasi za wapima udongo wa miaka ya sabini, wanalinganisha na picha za setilaiti, ndio watu wa mipango wajue wapi ni pa kulima na wapi ni pa mifugo. Karatasi ilikuwa inatoka, nyekundu, njano, kijani, na yeye ameinama juu yake kama mama ameinamia chapati.

Nyuma yake alisimama msichana wa rinda ya manjano, rasta zimelowa, bahasha ameificha ndani ya sweta isishike maji.

"Hapo si nyekundu," akasema.

Haron akageuka. "Wapi?"

"Hapo chini ya mto Tiva. Hapo ni kwetu, Kwa Mbaluka. Udongo ya hapo ni nyeusi tititi. Ukiikanyaga mvua ikinyesha, unarudi nyumbani bila viatu."

"Na wewe ni daktari wa udongo?"

"Mimi ni mtu amekosa viatu."

Hata mwenye mashine alicheka. Jina ya msichana ni Kasiva, na alikuwa anapokea wagonjwa kwa kliniki ya macho Upper Hill. Alikuja kuprint picha ya bonde yao. Mamake, Munyiva, na wamama wengine thelathini walikuwa wameomba kaunti iwasaidie kujenga bwawa hapo walime mboga. Kaunti ikawajibu wangoje ramani ya udongo itoke. Ikisema hapo ni pa kulima, watafikiriwa. Ikisema ni pa mbuzi tu, basi.

Sasa hapo ndio Haron angemwambia ukweli. Kwa hiyo ramani, sentimita moja ni kilomita kumi. Bonde ya kilomita mbili ni kama punje ya mchele. Kompyuta ikipata kitu ndogo hivyo inaimeza, inaipaka rangi ya majirani, na Haron alijua vizuri kwa sababu hiyo amri ni yeye aliiandika. Lakini Kasiva alikuwa anamwangalia na macho kubwa, maji ya mvua ikimdondoka kwa kidevu.

"Niletee hiyo udongo niione," akasema.

Wakapeana namba.

Jumamosi ya pili Kasiva akatokea Loresho na pakiti ya unga ya kilo mbili, imefungwa na kamba ya katani, imetoka Kitui na basi. Ndani ni udongo. Juu Mama ameandika na kalamu nene, mahali alichimba na hatua ngapi kutoka mtoni. Haron akamkalisha kwa veranda karibu na bomba, akalowesha kidogo, akampea kiganjani.

"Iviringe na kidole gumba. Sukuma pole pole kama utepe."

Utepe ikatoka mrefu, nyeusi, inang'aa, haikatiki. Akampea ya mchanga kutoka kwa ndoo ya ofisi ajaribu, ikavunjika hata kabla ianze. Kasiva akasema sasa ameelewa kwa nini watu wa kwao ni wabishi, wametengenezwa na hiyo ya kwanza. Haron akasema ya kwao Kinoo ni nyekundu, laini, inapenda mtu yeyote. "Hiyo ndio naogopa," Kasiva akamwambia, na wakanawa mikono kwa bomba moja, wakichelewa kumaliza.

Ile miezi ilikuwa tamu, wacha tu. Kila pakiti ikikuja, Kasiva anaipeleka yeye mwenyewe, halafu wanateremka Kangemi kula chapati na maharagwe, yeye na rinda zake za rangi za kupiga kelele, Haron na matope kwa kucha. Jioni Haron anampigia simu. Anamwita mpenzi wa matope. Kasiva naye anamwita engineer hata akimwambia yeye si engineer. Huko nyumbani wamama walikuwa wanagombana udongo ya nani iende Nairobi wiki hiyo, na Munyiva akatangaza kanisani kwamba Kwa Mbaluka inaingia kwa ramani ya serikali. Pakiti zikafika saba. Haron alizipanga dirishani, na kila moja ilifanya ukweli iwe ngumu zaidi kusema.

Februari ikafika, ramani ikapelekwa kuonyeshwa watu wa kaunti kwa jumba moja Upper Hill. Hakuna mtu alimwambia Haron kwamba kliniki ya Kasiva iko hapo hapo juu, gorofa ya nne. Yeye alikuwa anajua mtaa tu. Kasiva akashuka kununua chakula, akamkuta pale chini amesimama na suti ya kuazima kando ya ramani. Akafurahi kwanza. Halafu akaweka kidole chini ya Tiva.

Nyekundu.

"Iko wapi?" akauliza.

"Haionekani. Ni ndogo sana kwa hii ramani."

"Ulijua lini?"

Haron angeweza kudanganya. "Siku ya kwanza. Pale kwa mashine."

"Na Mama amekuwa akichimba mashimo ya nini?"

"Ningekuambia haiingii, hungerudi."

Kasiva hakupiga kelele. Alitoa kidole kwa ramani, akakipangusa kwa rinda kama kimechafuka, akarudi juu na ngazi, chakula akasahau.

Simu hakushika. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Haron alikuwa anapita ile bomba ya veranda akiwa ameangalia kando. Madam Wangu, mkubwa wa ofisi, akamwambia atoe hiyo unga ya matope dirishani, na hapo ndio akamwambia kila kitu, kama mtu anakiri kanisani.

Madam Wangu akamsikiza mpaka mwisho. Akamuuliza kama amesahau kazi yake. Rangi inaonyesha udongo yenye imejaa, sawa, lakini nyuma ya kila rangi kuna jedwali, na kwa jedwali unaandika hata ile kidogo yenye haichoreki. Ya hiyo nyekundu ya Tiva ilikuwa na mstari moja tu. Nani aliacha wa pili?

"Ni mimi. Karatasi za zamani hazikuwa na vipimo za mabonde."

"Na hiyo kwa dirisha ni nini, Haron?"

Alibeba pakiti zote saba mpaka maabara, upande wa Kabete, mikono ikimuuma. Majibu ilichukua siku kumi. Akaandika mstari wa pili: nyekundu ya mchanga, asilimia themanini na tano, nyeusi ya mabonde, kumi na tano, inashika maji, inalimika. Akaandikia watu wa kaunti barua, akakubali kwamba mstari ulikuwa umekosa na mwenye aliuacha ni yeye. Wakajibu kwamba kabla waamue, watatuma mtu Kwa Mbaluka aangalie na macho.

Halafu akaenda kliniki. Akachukua namba kama wagonjwa wengine, akakaa katikati ya mzee wa kofia na mama mwenye amezibwa jicho moja.

"Namba kumi na nne," Kasiva akaita. Akamwona. "Hapa ni ya wagonjwa."

"Ndio nimepanga laini."

Akamwekea karatasi mbili kwa meza, jedwali na jibu ya kaunti. Akamwambia bila kupamba. Rangi ya Kwa Mbaluka haitawahi onekana kwa hiyo ramani, sasa ama baadaye. Lakini mtu akifungua hiyo nyekundu ataipata, na kaunti imefungua. Kasiva akasoma mara mbili, kidole ikifuata mstari.

"Mama aliambia kanisa mzima itaonekana," akasema. "Mimi siendi kumwambia ni hapana. Utaenda wewe."

"Nitaenda."

"Na mtu haendi kwa Mama hivyo hivyo."

"Nibebe nini?"

Kasiva akafungua kitabu yake ya majina. "Mbuzi tatu," akasema. "Namba kumi na tano."

Haron alitoka akijua ni faini, na akaona ni haki. Jumatatu akiwa kwa gari ya ofisi, akamuuliza dereva wao, Kimanzi, Mkamba wa Mwingi, mbuzi zinauzwa wapi, akamweleza ni za kuomba msamaha. Kimanzi alicheka mpaka akaegesha kando ya Waiyaki Way. Akamwambia Mkamba haombwi msamaha na mbuzi tatu. Hizo zinaitwa ntheo. Zikishapelekwa kwa kina msichana na zikapokelewa, huyo ni bibi yako.

Haron akashuka kwa gari, malori yakimpita, akapiga simu. Hii mara ikashikwa.

"Kasiva. Kimanzi ameniambia hizo mbuzi ni za nini."

Huko nyuma ya Kasiva mgonjwa alikuwa anasoma herufi za ukutani, moja moja.

"Na ulikuwa unajua ukisema?" Haron akauliza.

"Haron, mimi ni Mkamba. Nitakosaje kujua?"

Haron akakaa kwa mawe ya barabara na suruali yake safi.

"Uko hapo?" Kasiva akauliza, sasa sauti imeteremka.

"Niko. Nataka tu kujua ni lini."

"Lete kabla mvua ianze. Ikianza hautavuka bonde," akasema. "Na mwanzo uongee ile ya ramani, ukiwa umesimama, wamama wote wakusikie. Ukimaliza hiyo, ndio utakaribishwa kiti."