Wazigua Waliokataa Kumilikiwa

Hamisa alikuwa uani kwake Mkata, akimenya mihogo ya kuanika. Siku hiyo kisu kilikwenda kwa hasira. Mwanawe, Adamu, alitaka kumposa Hafsa, binti wa kijiji cha Chogo. Barua ya posa ilikuwa imeandikwa, lakini Hamisa alikataa isipelekwe.

Jirani yao Grasiana, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alikuja kuazima kinu. Alimkuta Adamu amejiinamia, akauliza kulikoni.

"Watu wa Chogo ni kizazi cha watumwa," Hamisa alisema. "Wamekuja juzi tu kutoka Somalia. Ukoo wetu hauna doa hilo."

"Hao ni Wazigua wenzako, mama Adamu."

Hamisa alicheka. Grasiana akaketi, akachukua kisu kingine, akaeleza huku akimenya. Zamani njaa kali iliingia Uzigua. Watu waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo. Walipofika Somalia, wakauzwa.

"Basi si watumwa hao?"

"Walifanywa watumwa. Hawakukubali, wakaasi."

"Kazi iliwashinda?"

"Jembe walilijua tangu utotoni. Lakini wewe ukilima, mihogo ni yako. Wao walilima, bwana akavuna. Walipigwa. Mama alizaa, mtoto akawa mali ya mtu. Angekuja mtu kumchukua Adamu akamuuze, ungekaa kimya?"

Hamisa aliacha kumenya.

Grasiana akaendelea. Wengi walitoroka, wakapigania uhuru wao, wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Miaka zaidi ya mia na hamsini ikapita. Vita vya Somalia vilipowarudisha wajukuu zao huku kwetu Handeni, walikuwa bado wanaongea Kizigua.

"Tena kimenyooka kuliko chako," alimtania.

Kwa kawaida posa hupelekwa na wazee wa kiume. Lakini Ijumaa iliyofuata, Hamisa aliitoa ile barua na kuandamana nao, kwa sababu maneno yake yalikwisha kufika Chogo. Bibi yake Hafsa alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Wewe ndiye uliyetuita watumwa?"

Hamisa akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi. Nilisema kwa kutojua. Naomba wajukuu zangu wazaliwe na watu waliokataa kumilikiwa."

 Bibi akasogea kando, akampisha aingie.

Siku ya harusi, wageni waliuliza bibi harusi ni wa wapi. Hamisa aliwahi kujibu kabla ya wote. Alianzia kwenye ile njaa, na hakuruka kitu.