Makaa Yasiyo na Moshi

Msimu wa baridi, kazi ya kwanza ya Kiherehere akitoka shule ilikuwa kumtafutia bibi yake joto. Bibi alikuwa fundi wa kufuma masweta, na vidole vikifa ganzi hakuna kazi. Jina la Kiherehere alipewa na bibi huyohuyo, maana akitumwa kikombe, mtoto huyo huleta na birika.

Jioni hiyo upepo ulikuwa mkali. Kiherehere aliwasha jiko la mkaa uani, akangoja moshi uishe kabisa na makaa yawe mekundu. Ndipo akaliingiza chumbani, akafunga dirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia.

"Leo baridi itaishia hodi, bibi!"

"Ahsante, mjukuu wangu," bibi alicheka, huku akifuma.

Kiherehere akaenda kuosha vyombo. Aliporudi na chai, bibi alikuwa ameegemea ukuta, sweta limemponyoka.

"Kichwa kinanigonga," alisema kwa shida. "Miguu nayo haina nguvu."

Kiherehere aliingiwa na hofu, akakimbia kumwita muuguzi aliyeishi nyumba ya pili. Muuguzi alifungua mlango na dirisha, wakamshika bibi huku na huku, wakamtoa nje uani.

"Dirisha lilikuwa limefungwa tangu saa ngapi?" muuguzi aliuliza.

Kiherehere angeweza kusema limefungwa sasa hivi tu, nani angejua? Lakini alipomtazama bibi anavyohema, aliona aibu.

"Nililifunga mimi, mama, saa kumi na moja. Na mlango nikauziba. Lakini moshi ulikuwa umeisha!"

"Moshi umeisha, sumu haijaisha," alisema muuguzi. "Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Jiko la mkaa haliingii chumbani, hata dirisha likiwa wazi. Vaeni nguo nzito, jifunikeni blanketi. Sasa twende zahanati, anahitaji oksijeni."

Kesho yake bibi alirudi nyumbani akitembea mwenyewe. Kiherehere alipiga magoti mbele yake huku akilia.

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa nakuua."

"Hukujua, na sasa unajua," bibi alisema, akimfuta machozi. "Ila kuwa mkweli, hilo ulilijua tangu zamani, nalo ndilo lililoniokoa. Ungeficha, wangenipa dawa ya homa na kunirudisha kwenye chumba kilekile, chenye jiko lilelile."