Kiapo cha Makar kwa Mama Mkwe

"Makar, huyo mwanamke ni nani?"

Makar alikuwa anamenya viazi. Kisu kilimponyoka.

"Mwanamke gani, Ulyana?"

"Usinifanye mtoto! Jirani ameniandikia. Shule zimefungwa, lakini Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, unatoka asubuhi unarudi jioni. Jana umeonekana Moscow, umemshika mkono mwanamke kajitanda shali!"

Sauti kwenye spika ya simu ilitoka kilomita mia nne juu ya paa lake. Ulyana, mkewe, alikuwa mhandisi kwenye kituo kinachoizunguka dunia. Alishakaa huko miezi mitano, bado wiki sita arudi.

Makar alimtazama mama mkwe wake, Raisa Petrovna, aliyekaa pale pale mezani. Bibi akatikisa kichwa: usithubutu!

"Nijibu, Makar!"

"Siwezi kukueleza sasa. Niamini tu, mke wangu."

"Nikuamini? Mimi huku nalala kwenye mfuko uliofungwa ukutani, nahesabu siku za kukuona, kumbe wewe..."

Simu ikakatika. Kituo kilishatoka eneo la mawasiliano.

"Mama, umesikia? Ndoa yangu inaungua mbele ya macho yako."

"Uliapa."

"Niliapa kuficha figo zako. Sikuapa kuitwa mzinzi!"

"Akijua naumwa atataka kushuka. Na chombo chao ni kimoja, akishuka yeye wanashuka wote watatu. Safari nzima iharibike kwa ajili ya kizee?"

Makar akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Kesho yake, Ijumaa, alikaa pembeni ya kitanda hospitalini, mashine ikisafisha damu ya Raisa. Ujumbe ukaingia: *Nikirudi usije kunipokea. Vitu vyako uwe umeshaviondoa.*

"Lete hiyo simu," Raisa akasema.

"Achana nayo, Mama."

"Lete!"

Akasoma. Akairudisha.

"Jumanne anatoka nje ya kituo," Makar akasema taratibu. "Kwa muda wa saa sita atakuwa ndani ya vazi la anga, ameshikiliwa na kamba tu. Unataka atoke na moyo huu?"

Bibi akafumba macho.

Jumapili ndiyo siku ya familia kuonana kwa video. Ulyana alipotokea kwenye kioo, nywele zimemsimama kama ufagio, alimkuta mama yake peke yake.

"Makar kakimbia?"

"Nyamaza, unitazame vizuri. Yule mwanamke wa shali ni mimi." Raisa akakunja mkono wa blauzi, akaonyesha bandeji. "Figo zimegoma. Mumeo ananipeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki."

"Mama! Mbona mlinificha?"

"Nilimwapisha. Lifti ikiharibika ananipandisha ghorofa ya nne mgongoni. Ananipikia, namtukana, kesho anapika tena. Mimi ndiye niliyekukataza kuolewa na mwalimu wa shule. Nilikosea, mwanangu."

Ulyana akalia. Kule juu machozi hayadondoki. Yalimganda machoni kama ute, ikabidi ayafute kwa taulo.

"Yuko wapi?"

"Jikoni. Anajifanya anaosha vyombo."

"Makar! Njoo!"

Akaja, mikono imejaa povu.

"Nisamehe, mume wangu. Nilikuhukumu kwa maneno ya jirani."

"Nimeshakusamehe. Jumanne kagua kamba zako mara mbili."

"Nataka kurudi."

"Usirudi. Maliza kazi. Mama yuko mikononi mwangu."

Jumanne ilipita salama. Wiki sita zilipotimia, chombo kilitua kwenye nyika ya Kazakhstan, na jioni hiyo hiyo ndege ikamleta Ulyana uwanja wa karibu na Mji wa Nyota, makao ya wanaanga. Alishuka ngazi madaktari wawili wamemshika, akayapita maua na kamera, akamwangukia mama yake shingoni.

"Mama, uko hai."

"Muulize huyo kwa nini."

Ulyana akamgeukia Makar. Akajitoa mikononi mwa madaktari.

"Taratibu," daktari akaonya, "misuli imelegea!"

Hakusikiliza. Akamkumbatia mumewe kwa nguvu zote alizobakiza.

"Asante, Makar. Sina neno jingine."

"Na mimi asante kwa kurudi."

"Haya, tushukuriane tukiwa tumekaa," Raisa akasema. "Hapa hakuna mwanamke mwenye miguu ya kusimama!"

Wakacheka, machozi yakidondoka safari hii. Makar akampa mkewe mkono wa kulia, mama mkwe wa kushoto, wakaenda polepole hadi kwenye gari. Hakuna aliyekuwa na haraka.