Mrushaji Asiyesifiwa

Kitu cha kwanza Mwatumu alichokiona kilikuwa maganda ya karanga.

Katika uwanja wa besiboli wa Bowie, mji mdogo huko Marekani, kila mtu hutupa maganda chini. Ndiyo raha yenyewe. Watu wanamenya, wanatafuna, wanatupa, na wakisimama kushangilia, sakafu inalia chini ya viatu kama majani makavu. Mwatumu aliyajua maganda hayo vizuri, kwa sababu mechi ikiisha yeye na wenzake ndio waliofagia. Lakini jioni ile ya Julai, mwaka 2006, mwanaume mmoja aliyekaa nyuma ya wavu alikuwa anamenya karanga zake taratibu, na maganda anayatia mfukoni mwa suruali.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkononi alishika kidude cha kupimia mwendo wa mpira. Mwatumu alimtazama mara moja, akainamisha kichwa, akaendelea kumimina soda.

Muda si muda mtu yuleyule akawa amesimama mbele ya kibanda chao cha soda na karanga.

"Dada zangu, hamjambo?"

Mwatumu alishtuka. Bilha, mwenzake wa kibandani, Mkenya wa Kakamega mwenye maneno mengi kuliko wateja, aligeuka na vikombe mkononi.

"Hatujambo. Na wewe hicho Kiswahili umekitoa wapi?"

"Nimewasikia mkizungumza, nikafurahi. Nilijifunza chuoni kwa miaka miwili. Mwalimu alinifundisha kuomba samahani na kuuliza njia ya kwenda posta."

"Posta imeshafungwa," Mwatumu akasema. Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Akashika ncha ya kilemba chake cha buluu, kana kwamba ndicho kilichosema.

Yule mtu alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi ninaomba karanga, badala ya posta."

"Mwatu, si unamjua huyu?" Bilha alidakia. "Ni Ekon, yule wa mkono wa kushoto. Ile siku alirusha mpira, wale jamaa wa Pennsylvania wakawa wanapiga hewa tu. Aki nilijivunia. Halafu ile siku ingine..." Akanyamaza.

"Sema tu," Ekon alisema. "Ile siku nyingine mpira wangu nusura uje hapa kununua soda."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ekon alizaliwa Columbia, mwendo wa nusu saa kutoka hapo, na tangu utotoni alisifiwa kwa mkono wake. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, kumrushia mpira mtu mwenye gongo, na kuhakikisha mtu yule haugongi. Leo moto, kesho majivu. Akiamka vizuri, wapigaji waliondoka mmojammoja wakitazama magongo yao kama yametobolewa. Akiamka vibaya, mpira ulikwenda kulia, ukaenda juu, ukamgonga mtu mbavuni. Timu kubwa, ile ambayo Bowie huilelea wachezaji, ilikwisha kumwita mara mbili, na mara mbili ikamrudisha Bowie kama nguo isiyomkaa mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na magazeti yalianza kumwandika kwa neno "angekuwa".

Warushaji hupokezana zamu. Siku zisizo zake Ekon alikaa na watazamaji kupima mipira ya wenzake, na kila siku hiyo alifika kibandani. Mwishoni mwa mwezi, Bilha alikuwa akimwona tu, anakumbuka ghafla kwamba barafu imekwisha.

Timu iliposafiri, zikaanza simu.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Nakunja nguo."

"Za nani?"

"Za mama mdogo. Unataka nikutajie mojamoja?"

"Ndiyo. Basi letu limeharibika njiani. Nina nafasi."

"Haya. Gauni la kijani. Kanga ya maua. Soksi, moja."

"Ya pili iko wapi?"

"Muulize mwenyewe, yuko hapa ananikodolea macho."

Mama mdogo, aliyekuwa akilea wazee kwenye nyumba moja huko Bowie na ndiye aliyemleta Mwatumu kutoka Tanga, alisonya kwa kujifanya. "Simu hiyo mwisho utaipakulia na ubwabwa. Mwambie huyo mwanaume, akikutaka, mlango wangu anaujua."

"Amesema nini?" Ekon aliuliza.

"Amekusalimu."

Kwenye simu Ekon alisema mengi: hoteli zenye mazulia ya kunuka, wenzake wanaoimba basini, hofu inayomkaa kifuani akipanda kile kichuguu. Mwatumu alisikiliza. Hakuwa msemaji. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo alizoea kuona maneno ni mali ya watu wengine. Ekon alimwambia anampenda siku ya kwanza ya Agosti, kwa Kiswahili, akiyatamka taratibu kama mtu abebaye maji. Mwatumu akajibu, "Haya, ulale salama." Kisha akakaa na ile simu kifuani mpaka ikapata joto.

Katikati ya Agosti ikaja jioni ambayo Bowie iliizungumza kwa muda mrefu. Ekon alirusha kama mtu anayeandika jina lake. Wapigaji walikuja, wakapunga magongo, wakarudi kukaa. Mechi ilipoisha na jua bado halijazama, watu walimzunguka penye mlango wa wachezaji. Mama yake, kavaa gauni la njano na hereni kubwa za mbao, alimshika mashavu mbele ya wote. "Huyu mwanangu hana mfano," alisema. Kocha akasema timu kubwa lazima imeona. Wenzake walimpiga mgongo, watoto wakamnyooshea kofia azitie sahihi, na Bilha alipiga vigelegele vya Kakamega.

Mwatumu alisimama pembeni na aproni yake. Kwao Tanga, bibi yake alimfundisha tangu mdogo: kitu ukipendacho usikisifu mbele za watu. Mtoto akiwa mzuri, huambiwa ana sura mbaya, ili jicho la hasidi limpite. Na sasa mtu wake anamwagiwa sifa hadharani, na hakuna hata mmoja aliyesema mashaallah. Yeye alilisema moyoni, akalirudia. Akaona halitoshi.

Ekon alimwona, akawapenya watu, uso wake unawaka. "Mwatumu, umeona? Niambie. Nimefanyaje?"

Watu wote wakamtazama yeye.

"Kazi mbovu tu," alisema kwa sauti ya chini. "Sijaona cha ajabu."

Alikuwa anamfunika, jicho lisimwone. Kwa mtu wa Tanga hilo lingekuwa busu. Lakini Kiswahili cha Ekon kilikuwa cha chuoni, na chuoni hawakumfundisha hilo. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. "Sawa," alisema. "Asante kwa kuniambia."

Akageuka kwa wenzake.

"Wee Mwatu," Bilha alinong'ona, "hiyo ni nini umemwambia? Huyu ni Mwamerika. Ukimwambia mbovu, kwake ni mbovu."

Wiki hiyohiyo timu kubwa ilimwita. Aliondoka bila kupita kibandani. Mwatumu alipiga simu, akakuta ile sauti ya mashine inayomtaka aache ujumbe. Alisimama na simu sikioni, akasikia mlio, akasikia na ukimya wake mwenyewe, akakata. Siku ya pili alipiga tena, na ikawa vilevile. Angesema nini na mashine?

Walimwona kwenye televisheni sebuleni kwa mama mdogo, yeye na Bilha, na bakuli la bisi katikati. Mpira wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukaenda nje. Kisha mkono ukamkataa kabisa, na kocha akatembea hadi kwenye kichuguu, akanyoosha mkono wake, akauchukua mpira. Ekon alitoka ameinamisha kofia. Mama mdogo aliichukua rimoti, akazima.

"Mtoto wa watu," alisema. "Umempigia?"

"Hapokei."

"Ukimpigia unasemaje?"

Mwatumu akaanza kuokota bisi zilizodondoka. Mama mdogo alimsogezea bakuli. "Ndiyo maana hapokei."

Mwanzoni mwa Septemba Ekon alirudishwa Bowie. Habari zote alizileta Bilha: kwamba msimu ukifungwa Jumapili timu haitaendelea naye, kwamba timu moja ya Mexico imemtaka kwa miezi ya baridi, na kwamba ndege yake ni Jumatatu. "Akishaenda huko, mama, usimtarajie. Kama uko na neno, ni Jumapili."

Jumapili mchana jua lilikuwa kali na anga halina doa. Ekon alipewa zamu ya mwisho. Alipopanda kichuguu na nguo yake nyeupe iliyombana, Mwatumu hakumimina soda sawasawa. Mteja mmoja alipewa kikombe cha povu tupu, akashukuru.

Raundi ya kwanza ikapita, hakuna aliyeugonga mpira ukafaa. Ya pili, ya tatu vilevile. Kufika ya saba, kati ya tisa, hakuna mpinzani hata mmoja aliyekuwa ameugonga mpira akaweza kukimbia hadi kituo cha kwanza, na Mwatumu akaona jambo lililomchoma. Kila Ekon alipotoka uwanjani kupumzika, wenzake walimkimbia. Benchi zima walijazana upande mmoja, na yeye akaachwa peke yake upande wa pili na taulo begani. Hakuna aliyempa mkono. Hata kocha alipita akitazama mbinguni.

Mzee Solomon, aliyekuwa akiwaonyesha watu viti vyao tangu uwanja ule ufunguliwe, alikuwa ameegemea kibanda. Mwatumu akakusanya Kiingereza chake chote.

"Mzee, kwa nini wamemtenga? Kwa sababu anaondoka?"

Solomon aliweka kidole mdomoni. "Binti, usiseme. Hatusemi."

"Hatusemi nini?"

"Hicho hicho unachotaka nikuambie." Mzee alichungulia kulia na kushoto, akainama. "Mrushaji akiwa anarusha hivi, hasemeshwi. Hasifiwi. Ukimsifu, umeharibu. Unawaona wale? Wanampenda, ndiyo maana hawamsogelei."

Mwatumu alishika ukingo wa meza. Kumbe na hawa. Wanaume wazima wenye misuli kama magogo, na wao wanaogopa jicho.

Raundi ya nane, mpigaji mmoja mzito aliugonga mpira vibaya, ukabiringika chini taratibu kama chungwa lililodondoka kikapuni, ukakuta mahali hapana mtu, naye akafika kituo cha kwanza. Basi. Uwanja mzima ukaguna, halafu ukasimama, ukapiga makofi. Na mechi ilipoisha kwa ushindi, wenzake wale waliomkimbia walimrukia wote kwa pamoja, wakimwambia yote waliyoyameza tangu mchana.

"Nenda," Bilha alisema, akimvua aproni kwa nguvu. "Hizi soda nitamimina mimi. Na usinirudie hapa na 'ulale salama.'"

Alimkuta penye mlango wa wachezaji, begi chini, nywele mbichi, shati jeupe kama la siku ya kwanza. Watu walikuwa wengi: watoto na kofia zao, wachezaji wakiagana, Mzee Solomon na ufagio. Ekon alimwona, akasimama wima.

"Habari za mchana, Mwatumu."

"Nzuri." Akashika ncha ya kilemba. "Leo wenzako walikukimbia. Uliwakasirikia?"

"Hapana. Ni heshima. Ni desturi yetu, hawataki kuniletea mkosi."

"Wangekusifu?"

"Ningewaona maadui." Alitaka kucheka, kicheko kikakatika.

"Basi na mimi siku ile sikukusema vibaya," Mwatumu alisema. "Kwetu mtoto mzuri anaambiwa mbaya, apite salama. Wote walikuwa wanakusifu. Mimi nikaogopa. Ningekuwa sikutaki, ningekusifu."

Ekon alilipokea lile neno, akalitazama, akalielewa. Akakaa juu ya begi lake kama mtu aliyechoka ghafla.

"Tangu nina miaka kumi watu wananiambia nina kipaji," alisema. "Halafu wananitazama, wanangoja nikivunje. Niliona wewe peke yako hungoji kitu. Uliposema kazi mbovu, nikajiambia, basi, hata yeye."

"Nilipiga simu."

"Niliona. Nilisikiliza. Uliniachia ukimya mara mbili, sikuufuta."

Mwatumu alitazama viatu vyake.

"Naondoka kesho," Ekon alisema. "Mexico mpaka Januari. Baada ya hapo sijui kama nitarusha tena popote. Mama yangu anasema Columbia kuna shule inataka mtu wa kufundisha watoto mchezo. Sijui. Lakini ukinyamaza na leo, Mwatumu, sitajua hata nirudi wapi."

"Watu ni wengi hapa."

"Ndiyo, ni wengi."

"Wanasikiliza."

"Bilha amesimama juu ya kreti," Ekon alisema. "Lakini mchezo umekwisha. Sasa inaruhusiwa."

Mwatumu alitazama. Kweli Bilha alikuwa juu ya kreti, na Solomon alikuwa anafagia palepale ambapo palikwisha kuwa safi. Macho yote yale. Alivuta pumzi, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Unarusha vizuri, Ekon," alisema, kwa sauti iliyowafikia mpaka wenye kofia. "Siku ile ulirusha vizuri, na leo umerusha vizuri. Na siku ulizorusha vibaya sikuona mpira ulikokwenda, nilikuwa nakutazama wewe. Ukiacha kurusha kabisa, nitakutazama. Nakupenda. Nilikupenda na ile siku niliyokwambia ulale salama."