Dorine Yupo

Kila asubuhi kabla ya masomo ya darasa la saba, Nyangi alifungua maktaba ya shule yao mjini Migori, akapangusa vumbi kwenye kompyuta na kuiwasha. Ilikuwa mwaka 1999, na shule nzima ilikuwa na kompyuta hiyo moja tu. Jumatatu moja orodha ya wasomaji ilipojitokeza, mstari wa kwanza ulisomeka: Dorine Akinyi, yupo.

Dorine, mwanafunzi mwenzake, alizikwa Januari. Ijumaa iliyopita Mwalimu Caleb, msimamizi wa maktaba, alikuwa amelifuta jina hilo Nyangi akiona. Wakalifuta tena. Jumatano likarudi: yupo.

Habari zilimfikia Mama Jedidah, mamake Dorine, aliyekuwa mfagiaji wa shule. Akawa anaketi mbele ya skrini, ufagio mapajani, akinong'onezana na jina. Chakula hakigusi.

"Nyathina ananiita," alisema. "Mtoto wangu anasikia baridi huko."

Nyangi alirudi nyuma hadi mlangoni.

Programu iliyotunza orodha hiyo ilikuwa ya bure. Iliandikwa na watu wa kujitolea ng'ambo, wakaiacha wazi ili mwenye ujuzi yeyote aisome na kuirekebisha. Nyangi akawaandikia: "Kompyuta yetu ina pepo. Tusaidieni!" Mwalimu Caleb aliipeleka barua kwenye diski hadi Homa Bay, kulikokuwa na barua pepe. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Poleni. Mlifanya nini, hatua kwa hatua? Mlitarajia nini? Mkaona nini?"

Hatua moja Nyangi alikuwa ameificha. Mwalimu akitoka, yeye hucheza mchezo wa nyoka, na akisikia viatu vikirudi huchomoa waya wa umeme upesi. Akisema, atanyang'anywa ufunguo wa maktaba. Lakini Mama Jedidah alikuwa pale, ameegemeza sikio kwenye skrini, anasikiliza. Nyangi akamfuata Mwalimu Caleb nje.

"Mwalimu, mimi huchomoa waya kabla ya kufunga orodha."

"Hebu rudia nione."

Mama Jedidah alipokwenda kufagia, wakafuta jina, wakachomoa waya, wakawasha. Dorine Akinyi, yupo. Mara ya pili, vilevile. Walipofunga orodha vizuri, jina halikurudi. Nyangi akayaandika yote, pamoja na toleo la programu.

Wiki iliyofuata diski ilirudi na marekebisho, na Mwalimu Caleb akayaingiza kwenye kompyuta. Kumbe programu ilihifadhi ufutaji pale tu orodha ilipofungwa. Umeme ukikatika, ilirudisha orodha ya zamani.

"Mama, hakuna aliyekuita," Nyangi alisema akilia. "Ni mimi. Nisamehe."

Mama Jedidah aliuweka ufagio chini. Kisha akauchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, akaurudisha, akangoja. Jina halikuwapo.

"Basi amelala," alisema, na machozi yakamtoka. "Ungeniambia mapema, mwanangu."

Mwalimu Caleb aliuchukua ufunguo hadi mwisho wa muhula.

"Anayerekebisha yuko mbali, Nyangi," alisema. "Macho yake hapa ni maneno yako. Ukimwandikia hofu yako, atafanya nini nayo? Mwandikie ulichofanya na ulichoona. Na ile hatua unayoionea aibu, hiyo usiiache kamwe."