Asante ya Sindano

Kila Jumamosi asubuhi, tanuri likishapoa, mama mfinyanzi alitoa mitungi na kuipanga uani, naye binti yake akaigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole. Mtungi mzima hulia ngiii, sauti ndefu na safi. Wenye ufa hulia bwe, ukanyamaza. Ufa wa ndani jicho halikuweza kuuona, kwa hiyo walitegemea sikio.

Binti huyo alikuwa darasa la sita, na mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake. Na siku hizo, lo, ulimi ulikuwa umenolewa hasa! Binti wa mjomba wake, msichana mpole waliyemwita Taratibu, alikuwa amehamia kwao, na mama hakuchoka kumsifu: "Mtoto huyu ana sikio!" Sindano, aliyegonga mitungi tangu angali mdogo, alizisikia sifa hizo zikimchoma rohoni. Akamnunia mgeni asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi moja mitungi ilikuwa ya zahanati, ya kuwekea wagonjwa maji ya kunywa. Mama hakuwa na mteja mwingine mkubwa kama huyo. Sindano aligonga harakaharaka, mkono uko hapa na akili iko kwingine.

"Dada," alisema Taratibu, "ule wa mdomo mpana haukulia vizuri. Tuugonge tena."

Mwenye mkokoteni alikuwa amesimama pale akingoja mzigo. Sindano akaona ameaibishwa mbele ya watu.

"Asante sana, fundi mkuu!" alijibu, akilivuta kila neno puani. "Bila wewe tungekuwa wapi sisi?"

Mwenye mkokoteni akaangua kicheko. Taratibu akainama, akachukua ufagio na kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mtungi ukapakiwa pamoja na mingine.

Alasiri, muuguzi mkuu wa zahanati aliingia uani bila hodi, amebeba beseni lililojaa vigae.

"Mama, unatuuzia mitungi au mitego?" alifoka. "Ule wa mdomo mpana umepasuka juu ya meza! Bendeji zote zimelowa, na mgonjwa nusura ateleze avunjike mguu! Nipe mwingine sasa hivi. Na huo ukivuja, mimi na wewe basi!"

Mama alikodolea vigae macho, kisha akageuka. "Nani aligonga?"

"Mimi," alisema Sindano.

"Na hukusikia kitu?"

Sindano akatazama pembeni.

"Taratibu, wewe je?"

Machozi yakamlengalenga mtoto wa watu. "Nilimwambia dada, shangazi."

"Nami nikamwambia asante!" Sindano aliruka. "Nimekosa nini sasa? Nilisema, 'Asante sana, fundi mkuu.'" Safari hii aliyasema kwa sauti laini, utadhani anabembeleza mtoto alale.

"Sivyo," alisema mama. "Sema kama ulivyosema asubuhi."

Sindano akafungua mdomo. Taratibu alikuwa akimtazama kwa macho mekundu, na ile sauti ya puani ikagoma kutoka. Masikio yalimwaka moto kwa haya.

"Siwezi, mama."

"Huwezi kwa sababu unajua lilikuwa tusi. Haya, nendeni mkachague mtungi mwingine. Nyote wawili."

Muuguzi alilitua beseni, akakunja mikono akisubiri. Sindano aligonga mtungi wa kwanza, akamtazama mwenzake. Taratibu akaangalia chini. Akagonga wa pili.

"Umesikiaje?" aliuliza Sindano.

"Mimi si fundi mkuu."

Neno hilo lilimwingia hasa. Muuguzi alikuwa tayari kuacha kununua kwao, na mwenye sikio ndani ya nyumba hataki tena kusema, na aliyemziba mdomo ni yeye Sindano.

"Nilikuonea wivu," alisema kwa sauti ndogo. "Mama anakusifu, basi roho inaniuma. Nisamehe, mdogo wangu. Usiponiambia, nitaharibu tena."

Taratibu akanyoosha mkono, akaugonga mtungi wa pili yeye mwenyewe, chini ya shingo.

"Huu una ufa. Chukua ule wa nyuma."

Wa nyuma ulilia ngiii mpaka muuguzi akageuza kichwa.

"Asante," alisema Sindano.

Muuguzi aliubeba na kuondoka bila hata kuaga, lakini hakurudi kulalamika.

Muuguzi alipotoka tu, mama, akiwa ameshika beseni la vigae, hakuinua uso. "Hiyo ndiyo asante," alisema. "Ile ya asubuhi ilikuwa na ufa, mwanangu. Maneno yake mazuri, lakini sauti ilimwambia mwenzako anyamaze, naye akanyamaza. Kila siku mnagonga mitungi yangu na kuisikiliza. Kabla hamjamjibu mtu, jisikilizeni nanyi."

Sindano akachukua beseni la vigae kutoka mikononi mwa mama. Taratibu akashika upande wa pili, wakaenda nalo jalalani pamoja.